Ndevu za Daktari wa Kimeta

Roumegac, milima ya Cantal
20 Novemba 1882

Mwanangu Amable,

Shangazi yako Eutropie anakusalimu kwa moyo wote. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeshatangaza theluji kabla ya kalenda. Ng'ombe wangu Marquise ana mimba na kiburi, vyote viwili vimeongezeka. Kabichi zimetoka nzuri. Barthélemy jirani ameanguka kutoka darini, hakuumia, aliangukia juu ya mkewe. Mkewe naye anaendelea vizuri.

Sasa sikia kioja. Meya wetu, Bwana Pradeyrol, amerudi kutoka Aurillac na gazeti lenye picha. Kwenye picha kuna jibaba lenye ndevu hadi kifuani, mguu mmoja juu ya joka, mkono mmoja umeinua chupa kuelekea mbinguni. Chini yake jina lako: Daktari Amable Chassagnol, Mshindi wa Kimeta. Nikasema huyu si wetu. Amable nimemlea mimi tangu wazazi wake walipofariki, na hata masharubu yalikataa kuota. Meya akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama Eutropie, imeandikwa gazetini."

Basi halmashauri imeamua kukujengea sanamu. Nikawaambia sanamu ni za marehemu. Wakasema wewe ni mtu mkuu, tofauti ni ndogo. Wanataka picha yako ya karibuni, ya upande wenye ndevu.

Nusura nisahau. Kiangazi kilichopita kimeta kilipiga tena malisho ya mlimani. Rousse amekufa, na ndama wake. Walitokwa na ile damu nyeusi unayoijua. Nimebaki na ng'ombe watano, na kila nilicho nacho duniani kinatoka kwenye viwele vyao.

Vaa soksi nzito.

Shangazi yako,
Eutropie


Paris, 19 Desemba 1882

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Jibini ulilonitumia limefika, asante sana. Linakaa nje ya dirisha kwa sababu mwenye nyumba wangu, Bi Coquebert, hataki liingie ndani. Anasema chochote kilichoguswa na mimi kina ugonjwa. Nikishika kitasa cha mlango, yeye huja nyuma yangu na kitambaa cha siki. Ghorofa ya juu mambo ni kinyume. Mama tajiri anayeishi huko alinialika chakula cha jioni, akaniomba nije na kijidudu kimoja ili wageni wake wakione. Akauliza kama kinang'ata. Nilipomjibu kwamba hakionekani bila hadubini, akaninyang'anya sahani ya pili ya bata. Kwa hiyo, Shangazi, katika jengo moja mimi ni tauni chini na sarakasi juu.

Kuhusu picha: mchoraji hajawahi kuniona. Ndevu zile alizitoa kwa jenerali aliyefariki, aliniambia mhariri mwenyewe bila haya. Kuhusu sanamu: wakome! Nakuomba wakome.

Kama Roumegac inataka kuniheshimu, inipe ng'ombe wake niwachanje. Kazi yenyewe ndogo: sindano moja, halafu nyingine baada ya wiki mbili hivi, kabla kundi halijapanda mlimani mwishoni mwa Mei. Kimeta si laana ya mlima, Shangazi. Ni kijidudu. Mnyama akifa, tunamfukia pale pale malishoni, na kijidudu hubaki udongoni miaka na miaka kikingoja mdomo wa ng'ombe mwingine. Mkuu wangu, Bwana Delahousse, amenipa hadi kiangazi nipate kijiji kitakachokubali. Kisipopatikana, kazi yangu itapewa mtu mwingine, na mimi nitarudi kuosha chupa.

Tulijaribu kwa kondoo huko Beauce mwezi wa tisa. Matokeo yalitupa mafunzo mengi.

Naomba watano wako wawe wa kwanza. Nijibu hilo, tafadhali.

Mwanao,
Amable


Roumegac, 11 Februari 1883

Mwanangu Amable,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Barabara ilifungwa, ndiyo maana nimechelewa. Goti sasa ni yote mawili. Marquise amezaa jike, jekundu tupu, zuri ajabu. Kama kawaida yake hatoi tone la maziwa mpaka ndama afungwe kando ya mguu wake wa mbele, halafu ananitazama kana kwamba ni mimi niliyebuni desturi hiyo.

Barua yako ilipita kwa meya kabla ya kufika kwangu. Mleta barua ni shemeji yake, na ameambiwa kila kinachotoka kwako ni mali ya Jamhuri. Meya akaisoma mbele ya kijiji kizima, na shali yake ya rangi tatu za bendera kifuani. Ulipotaja jibini, watu walifuta machozi. Alipofika kwenye habari za kufukia mizoga, alinguruma vizuri mno, wakapiga makofi mara tatu. Nikamuuliza mke wa Barthélemy, "Amesema nini hapo?" Akasema, "Sijui, lakini kasema kwa uchungu."

Ulipoomba ng'ombe, hapo makofi yalikatika. Kila mtu akakumbuka ameacha kitu jikoni. Barthélemy ndiye aliyesimama.

"Sanamu tumpe, hata mbili," akasema. "Ng'ombe ni jambo jingine."

"Si ndiye Mshindi wa Kimeta?" nikamuuliza.

"Ndiye. Na akakishinde huko huko Paris. Mtu anayeweka ugonjwa kwenye chupa, siku moja atakosea chupa."

Mchongaji amefika kutoka Clermont, Bwana Tixedre, mtu wa maneno mengi na koti la mahameli. Mchongo wa plasta uko tayari. Nilimwambia huna ndevu. Akanijibu kwamba mwanasayansi asiye na ndevu anafanana na karani wa posta, na watu watamuuliza stempu. Joka naye yumo, ndiye kijidudu. Anauliza kijidudu kina miguu mingapi. Kwa sasa amekipa minne, na mkia.

Mahali pamepatikana, nyuma ya uwanja wa mnada, lile tambarare ambalo halijawahi kujengwa kitu. Ardhi yake laini, ndipo babu yako na wenzake walipofukia ng'ombe ule mwaka mbaya. Wataanza kuchimba msingi theluji ikiyeyuka.

Kuhusu watano wangu, Marquise anakusalimu.

Shangazi yako,
Eutropie


Paris, 6 Machi 1883

MSICHIMBE HAPO!

Shikamoo, Shangazi. Nisamehe kwa kuanza bila salamu, sijawahi kufanya hivyo maishani, lakini nimesoma barua yako nimesimama na bado nimesimama. Pale nyuma ya mnada ndipo mahali pabaya kuliko pote kijijini. Ng'ombe wa babu walikufa kwa kimeta. Kufukua udongo ule ni kukiamsha. Wajenge kanisani, wajenge juu ya paa la meya, wanichonge nikiwa na pembe wakitaka, lakini pale waache. Waliochimba wanawe mikono, na udongo urudishwe shimoni na kufunikwa kwa chokaa. Asipelekwe mnyama pale hata kwa kamba.

Barua hii nampa binamu yetu muuza makaa, anayerudi nyumbani wiki hii, ili isipite kwa shemeji ya mtu.

Kijidudu hakina mguu hata mmoja. Mwambie Bwana Tixedre ni kama kijiti kidogo. Najua hatapenda.

Na wewe, Shangazi. Umenijibu habari za goti, za ndama, za mke wa Barthélemy. Sindano hukunijibu. Ni kundi gani litakalonikubali kama la shangazi yangu limenikataa?

Mwanao,
Amable


Roumegac, 2 Aprili 1883

Amable,

Salamu. Magoti yapo, ndama yupo.

Binamu yako muuza makaa alipitia kwa jamaa zake wote wenye mapipa ya mvinyo kati ya Paris na hapa, na sisi ni ukoo mkubwa. Barua ilipofika, msingi ulikuwa umeshasimama. Nikaipeleka kwa meya nikikimbia, mimi na magoti yangu. Akautambua mwandiko, akaibusu, akaagiza fremu. Sasa imetundikwa ukumbini pembeni ya picha ya yule mama anayewakilisha Jamhuri, nyuma ya kioo, ikiwa imekunjwa vilevile.

"Isome!" nikamwambia.

"Mama Eutropie, barua ya mtu mkuu haisomwi ovyo. Inahifadhiwa."

"Anasema msichimbe!"

"Unyenyekevu wake," akasema meya, na machozi yakamlengalenga.

Udongo uliofukuliwa ameutandaza kwenye shamba lake la majani hapo kando, kwa sababu ni mweusi na umenona.

Jambo la pili. Wiki iliyopita alipita fundi wa miavuli, mtu wa kule Beauce. Nilimpa supu, naye akanipa habari. Anasema mwezi wa tisa alikuja daktari kijana asiye na ndevu akachoma kondoo sindano, na kondoo wengi wakafa kwa sindano yenyewe. Anasema wenye kondoo walimfukuza kwa majembe ya nyasi, akavuka bwawa na viatu vyake. "Mafunzo mengi," uliniandikia. Hukunidanganya, lakini hukuniambia. Imeniuma, Amable. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikikamua kwa hasira mpaka Marquise amelalamika.

Na mimi nikuambie langu. Kiangazi kile hakikuwachukua Rousse na ndama wake tu. Kilimchukua na Duchesse, yule ng'ombe mzee aliyekuwa akikutisha utotoni. Sikuandika kwa sababu nilijua utacheka halafu utalia, na mimi sikuwa na nguvu za vyote viwili.

Sasa njoo. Usimwandikie meya, usimwandikie mtu. Vaa nguo za kazi, na viatu vya mbao. Kuna mhasi wa mafahali anayepitaga hapa kila masika na mkoba wa visu. Mwaka huu hatakuja, amevunjika mguu; njoo wewe kwa nafasi yake. Hapa mtu mwenye mkoba anayenuka zizi haulizwi maswali. Uliondoka hapa kijana mdogo, na siku hizi wanachokumbuka ni ile picha ya gazeti tu. Ndevu huna, Mungu ashukuriwe.

Eutropie


Paris, 20 Mei 1883

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Kwenye gari moshi watu walinipa benchi zima, kwa harufu. Bi Coquebert alinipokea kwa mikono miwili, akasema kwa mara ya kwanza nanuka kama mtu wa heshima.

Ubavu bado una alama ya pembe ya Marquise, na siioshi kwa nguvu. Kila nikifumba macho nawaona wale majirani wamepanga ng'ombe zizini kwako kama foleni ya mkate, wale wale walioninyima ng'ombe. Unakumbuka Barthélemy?

"Wewe mhasi, sindano hii ya nini?"

"Ya kimeta."

"Si kama ile ya madaktari?"

"Nimerithi kwa mjomba wangu, kule mjini Rodez."

"Ahaa! Ya mjomba sawa. Choma, choma, na yule wa nyuma pia."

Nilipomwambia nitarudia baada ya wiki mbili, hakuuliza kwa nini. Mimi nimeandika kurasa arobaini kueleza kwa nini, Shangazi, na wote waliozisoma wamebisha.

Na siku ile nilipokwenda kuitazama sanamu, Bwana Tixedre akanifokea: "Wewe bwana, sogea, unamzibia Daktari mwanga!" Nikasogea. Ningefanya nini? Zile ndevu ni nzuri kweli.

Linalonikera ni meya. Nilipofika kwake na mkoba, alinitazama toka juu hadi chini: "Ng'ombe wangu hawaguswi na wazururaji. Wanamsubiri Daktari Chassagnol mwenyewe." Nilifungua mdomo nimwambie. Wewe ukanikanyaga mguu na kiatu chako cha mbao. Najua ulikuwa sahihi, angejua yeye wangejua wote, na ng'ombe wote wangerudishwa majumbani kabla ya sindano ya pili. Lakini wale wanyama wake wanakula juu ya udongo ule, na mimi niliondoka nikijua.

Kwenye uzinduzi sitafika. Nimemwandikia meya nina homa. Amejibu kwamba watu wakuu hawapati homa, na kwenye ratiba ameandika niko katika safari ya kisayansi.

Bwana Delahousse amekubali kungoja matokeo hadi ng'ombe washuke mlimani. Dawa hii nimeipima tena na tena, haina ukali wa ile ya Beauce. Nilikwambia hivyo mara ngapi pale zizini? Nilikuwa najiambia mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja. Akifa hata mmoja wa waliochanjwa, usinizungushe. Uanze barua bila salamu, nami nitaelewa.

Mwanao,
Amable


Roumegac, 16 Oktoba 1883

Mwanangu mpendwa Amable,

Salamu, salamu, tena salamu! Hujambo? Umeamkaje? Unakula? Bi Coquebert hajambo? Na kitambaa chake cha siki hakijambo? Mama wa ghorofa ya juu je, na bata wake? Mimi sijambo. Goti la kulia halijambo, la kushoto limejaliwa. Kabichi hazijambo. Barthélemy hajambo, mkewe hajambo, dari halijambo.

Natumaini sasa umekaa kitini, na leso umeipata.

Wameshuka juzi, Sikukuu ya Mtakatifu Géraud, kengele zinalia bonde zima na maua kwenye pembe. Watano wangu wote. Ndama wa Marquise amekuwa jitu. Wa Barthélemy wote. Hakuna aliyechanjwa ambaye hakurudi. Malisho ya jirani, ng'ambo ya mto, wamefukia wengi, na huko walicheka sana waliposikia habari za mhasi wetu.

Sasa ya meya. Siku ya uzinduzi aliwafunga ng'ombe wake wanne kuizunguka sanamu, na utepe wa rangi tatu shingoni, ili mpiga picha awaweke pamoja. Hotuba ilikuwa ndefu. Wao wakala majani. Kabla Juni haijaisha wote wanne walikuwa chini. Sikucheka, Amable. Nilimsaidia kubeba chokaa. Kwa heshima ya barua yako niliwafanya wachimbe mbali na kwa kina, na nikasimama pale na fimbo mpaka mwisho.

Jioni ile akashusha fremu, akavunja kioo, akaisoma. Akaja jikoni kwangu bila kofia na bila shali.

"Mama Eutropie, yule mhasi."

"Naam."

"Yeye na Daktari wanajuana?"

"Kidogo."

"Alikuja nyumbani kwangu."

"Alikuja."

"Nilimwita mzururaji."

"Ulimwita."

Akanywa mvinyo wote alioukuta mezani. Hajamwambia mtu, na hatamwambia, aibu ni kufuli nzuri. Lakini halmashauri imekaa wiki hii na kupitisha kwa kauli moja: masika ijayo yule mhasi wa Rodez aitwe tena, achanje kijiji kizima, na barua imetiwa muhuri ili umwonyeshe mkuu wako kwamba kijiji kimepatikana. Barthélemy alitaka iongezwe sharti moja, kwamba asije na madaktari. Meya alikohoa sana, lakini sharti limepita. Sanamu itabaki. Watoto wanapanda yule joka, miguu minne ni mizuri kwa hilo, na kunguru amejenga ndevuni.

Watu wananiuliza kama sasa naamini vijidudu. Sijawahi kuviona. Nitakwambia nilichokiona. Asubuhi ile ya kwanza zizini ulikuwa na sindano mkononi, unakagua chupa ile ile mara ya tatu. Wewe uliyekuwa ukizunguka nyumba nzima utotoni usipite mbele ya Duchesse, ulimsogelea binti yake Marquise, mkali kuliko mama. Akakupiga pembe ubavuni. Ukaanguka, ukasimama, ukamsogelea tena. Mpaka dakika ile sikuwa nimeamua, Amable. Ulidhani nimekuita kwa sababu nimekubali, kumbe nilikuita nikutazame. Nikasema moyoni, mtu anayeogopa hivi hawezi kurudi mara ya pili kwa ajili ya uongo. Ndipo nikamshika Marquise kichwa.

Tunakungoja Aprili. Viatu vyako vya mbao viko mlangoni, nimevipaka mafuta. Usije ukafuga ndevu.

Shangazi yako,
Eutropie